Yangu Bado Haijalia

Ndugu zangu, sogeeni mbele, nafasi zipo. Wale wa mlangoni mnaovizia kutoka mapema nawaona, nanyi sogeeni. Leo nina mfano mmoja tu, na nimekuja nao nikiwa na hofu. Sikuutafuta ili niwatishe ninyi. Unanitisha mimi kwanza, kwa sababu mimi ndiye ninayekaa hapa kila wiki nikiwaambia watu fanyeni hivi, acheni vile.

Kulikuwa na dada mmoja mwenye kalamu nzuri. Alikuwa na kazi yake ya kumpa riziki, na muda uliobaki akijitolea kwenye programu huria. Vijana mnazijua, wazee wangu, nawaeleza. Kuna watu wanaotengeneza programu za simu na kompyuta bila kuziuza. Wanaziweka wazi mtandaoni, anayetaka anachukua, mwenye ujuzi anarekebisha, na hakuna anayedai shukrani. Hawajuani hata kwa sura. Mmoja yuko huku, mwingine yuko ng'ambo, wanakutana kwenye kundi la mtandaoni. Ni msaragambo kama ule wa kijijini, ila jembe hulioni.

Na kama ilivyo kwenye kila msaragambo, kuna kazi isiyogombewa. Wengi wanataka kuijenga programu. Wachache mno wanataka kukaa chini waandike mwongozo wa kuitumia: bonyeza hapa, kisha pale, ukiona hivi kubali. Dada yetu akaichukua kazi hiyo, na Mola amlipe kwa nia yake, maana nia yake ilikuwa njema. Hilo nawaomba mlishike. Mfano huu si wa mtu mbaya.

Programu yenyewe ilikuwa ya mto. Huko juu milimani, kwenye nguzo ya daraja, kilifungwa kifaa cha kupima maji. Maji yakivuka alama nyekundu, kifaa kinatuma habari, na kila simu yenye programu ile inapiga king'ora. Mnaijua mito ya namna hiyo. Mvua inanyesha mlimani, bondeni jua linawaka, watu wameinama kwenye majaruba ya mpunga wanapalilia, wanapiga soga, na maji yako njiani yanakuja. Ukiyasikia kwa masikio yako umechelewa.

Dada akaandika mwongozo kwa Kiswahili kitamu, hata bibi asiyejua simu angeelewa. Mwisho wake akaandika: "Ukifika hapa umemaliza. Fanya kazi zako bila wasiwasi."

Sasa lile kundi lina desturi. Mwandishi wa mwongozo haruhusiwi kuujaribu kwenye simu yake aliyoizoea. Anatakiwa apate simu iliyofutwa kila kitu, tupu, kama imetoka dukani, ajifanye hajui lolote, afuate maneno yake mwenyewe kama anayafuata mgeni. Kisha ndipo aweke juu ya mwongozo neno moja: "Umejaribiwa." Kwa nini wanajisumbua hivyo? Kwa sababu mtu aliyezoea simu yake ameshafungua humo milango ambayo hata hakumbuki kuwa aliwahi kuifungua.

Dada akaitazama simu yake. Ina picha za mama yake, marehemu. Aifute? Au aende kwa jirani amwambie nipe simu yako niifute? Akaona tabu. Akafuata hatua zake kwenye simu ile ile, ikalia vizuri sana. Akaandika: "Umejaribiwa."

Je, alidanganya? Msinijibu haraka.

Wenzake wakamsifu, wakammwagia yale maua ya kwenye simu. Naye akazipenda sifa, kama mimi na wewe tunavyozipenda. Baada ya muda, kwenye kundi akaingia mama mmoja, kiongozi wa kikundi cha wakulima wa mpunga. Akaandika: "Hamjambo wanangu. Samahani kwa usumbufu. Nimefuata yote. Nikiwa naitazama simu, king'ora cha majaribio kinalia. Nikizima kioo nikaifunga kwenye pindo la kanga, hakilii. Nimekosea wapi? Kama kuandika ni tabu, nipigieni." Akaweka na namba yake.

Dada akasoma. Aliogopa. Lakini aliogopa nini? Hakuogopa mto. Aliogopa wale waliommwagia maua wataona nini. Akajibu upesi kabla mwingine hajajibu, tena kwa adabu: "Pole mama. Tafadhali rudia hatua zote polepole. Mwongozo umejaribiwa."

Yule mama akasema: "Ahsante mwanangu, nitarudia. Sisi watu wa jembe tuna papara."

Hakuuliza tena. Mtu mzima aliyeona kosa kwa macho yake akarudi nyuma akajilaumu mwenyewe, kwa sababu ameambiwa hivyo na anayejua. Mnalielewa jambo hilo uzito wake? Mimi linaninyima raha.

Siku zikapita. Simu ya dada ikaanguka kwenye sakafu ya saruji, ikafa. Akanunua mpya, akaiweka programu kwa kufuata mwongozo wake. Kisha siku moja, asubuhi ya jua zuri, simu iko mezani imezimwa kioo, yeye anafanya kazi zake. Akaichukua atazame saa. Kioo kilipowaka tu, king'ora kikapasuka mkononi mwake.

Akasoma. Maji yalikuwa yamevuka alama nyekundu kitambo. Habari ilitumwa zamani, ila simu ilikuwa usingizini. Simu hizi nyingi ukizizima kioo hulaza programu ili zisile chaji, mpaka wewe mwenyewe uingie kwenye mipangilio uiambie, hii usiilaze. Kwenye simu yake ya zamani dada alilifanya hilo mwanzo kabisa, kabla hajaandika neno hata moja, akasahau. Hatua moja tu. Na kwenye mwongozo haikuwamo.

Na mnajua alichofanya kwanza? Alifungua mwongozo mtandaoni akauongeza ule mstari uliokosekana. Akausoma, akaweka nukta, akahifadhi. Jamani! Mstari ule ulifika majarubani? Kuna mtu anayepalilia mpunga huku anasoma masahihisho?

Ndipo akamkumbuka yule mama. Akatafuta lile swali la zamani kundini, akaiona namba, akapiga. Ikaita, ikaita, mpaka akataka kulia.

"Haloo?"

"Shikamoo mama. Mimi ndiye niliyeandika ule mwongozo wa king'ora cha mto. Mama, tokeni majarubani sasa hivi. Maji yanakuja."

"Maji yapi mwanangu, mbona jua linawaka? Na simu haijalia."

"Mama nakuomba. Tokeni, pandeni juu!"

Mola akampa yule mama moyo wa kuamini sauti. Dada akamsikia akipiga ukelele, akasikia watu wakiitana, watoto wakilia, miguu ikichapa matope. Kisha wakawa juu ya mwinuko wanahema. Na kisha akausikia mto wenyewe ndani ya simu. Mpunga wote ulikwenda, lakini watu walikuwa juu.

Yule mama akarudi kwenye simu. "Mwanangu, Mungu akulipe, akuzidishie. Umetuokoa sote. Na ule mwongozo wako, wallahi, nimeugawa. Hata ndugu zetu wa bonde la chini nimewawekea mimi mwenyewe, simu moja moja, kama ulivyoandika."

Dada akamkatiza: "Wapigie mama. Wapigie watoke."

"Hao usiwahofie. Wana king'ora. Kitawalilia."

Ndugu zangu, nisikilizeni hapa. Kulikuwa na kauli moja tu ya kuwatoa watu wale bondeni, na maneno yenyewe ni haya: mwongozo wangu una kosa. Maneno machache, mtoto anayaweza. Dada akayafikisha kooni yakakwama. Ndiyo kwanza anaombewa dua! Ndiyo kwanza anaitwa mwokozi! Akanyamaza. Alinyamaza kidogo tu, kama ninavyonyamaza mimi sasa.

Mnaona ni kidogo? Mto haukunyamaza naye.

Akasema: "Mama, hakitalia. Nilikosea mimi. Kuna hatua sikuiandika. Simu zao zimelala zote."

Kisha yule mama akasema, polepole: "Mwanangu. Mimi si nilikuuliza?"

Akakata simu ili awapigie wa chini.

Mtaniuliza, walipona? Wa kwanza kupokea alipokea, akapiga kelele, watu wakakimbia. Walipona karibu wote. Lakini alikuwapo mama mmoja ambaye jaruba lake lilikuwa la mwisho, karibu kabisa na maji. Wenzake wakampita mbio wakimwita: "Toka, maji!" Akanyoosha mgongo, akapapasa pindo la kanga ilipofungwa simu, akacheka. Akawaambia: "Ninyi mnakimbia uvumi. Yangu bado haijalia."

Akainama akaendelea kupalilia. Waliokuwa mwinukoni walimwona. Walimwita mpaka sauti zikakauka, naye akawapungia mkono kuwatuliza. Mama huyo hakuwa mjinga wala mkaidi. Alifanya kazi zake bila wasiwasi, kama alivyoandikiwa.

Basi. Mfano wangu umeishia hapo, na naona wengine mnamlaani yule dada. Msimlaani. Hebu tujitazame sisi.

Sisi ni nani katika mfano huu? Wote mngependa kuwa watu wa mwinukoni. Hapana. Sisi ni waandishi wa miongozo. Wewe baba unayemwambia kijana wako "subiri, riziki itakuja", na wewe maisha yako yote hujawahi kulala bila kujua kesho utakula nini, umeujaribu mwongozo huo kwenye simu tupu? Wewe mama unayemwambia binti yako "vumilia ndoa", na mumeo hajawahi kukuinulia mkono hata siku moja, umeujaribu wapi? Sisi tuliozaliwa tukakuta wazazi wanasali, tukalelewa humu, mgeni akija tunampa maneno mazuri tuliyoyahifadhi, tunamwambia ukifika hapa umemaliza. Kwetu inalia vizuri. Kwake je? Nani kati yetu amerudi kuangalia?

Na wale waliotuuliza? Maana watu wanauliza. Anakuja mtu kwa unyenyekevu, anasema, "Samahani, nimefanya yote mliyoniambia, na moyoni bado kumekufa ganzi. Nimekosea wapi?" Nasi tunamjibu upesi, kwa adabu: rudia, ongeza juhudi, imani yako ndogo. Tunajibu hivyo kwa sababu tunajua? Au kwa sababu tunaogopa ionekane kwamba hatujui? Anaondoka akijilaumu. Haulizi tena. Tunafurahi kwamba ametulia. Tena huyo ndiye anayekwenda kuwafundisha wengine hicho hicho tulichomfundisha, simu moja moja, mpaka kwa watu ambao hatutawajua mpaka siku tutakayosimamishwa nao.

Hilo ndilo linalonitia hofu. Siogopi sana dhambi ninazozijua, hizo nazilia. Naogopa neno langu zuri lenye hatua moja pungufu, lililokwenda mbali likaaminiwa na mtu mwema, na mtu huyo sasa hivi tunapokaa hapa amelitegemea maisha yake, ametulia, anaimba.

Kwa hiyo leo sitaki mje kunishika mkono mkiniambia darsa limependeza. Kila mmoja wetu kuna mtu alimwambia "rudia". Umeshamkumbuka, nimekuona ulivyoinamisha kichwa. Mtafute huyo kabla hujala chakula cha mchana. Usianze na hadithi ndefu. Mwambie: ulipouliza uliona sawasawa, mimi ndiye niliyekosea. Kisha muulize yeye alikwenda kumwambia nani.

Mola atulainishie koo zetu, maneno hayo yatoke wakati aliyetuamini bado anasikia. Haya, nendeni.