Mlingoti, Jiwe na Kabula

Hapo zamani, si ile ya fisi kuoa, ni ya juzijuzi tu, Mwalimu Nyamizi alifundisha sayansi kwa vitu vya kushika. Siku hiyo kila mtoto alipewa rula, penseli na kijiwe. Penseli chini ya rula, kijiwe huku, kidole kule, bonyeza! Penseli ikikaa karibu na kijiwe, kijiwe kinainuka. Ikikaa mbali, unatoka jasho bure.

Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu. Ukuta wa darasa ukapasuka, watoto wakatimka, boriti ya paa ikaanguka, ikambana mwalimu mguu. Ukuta uliobaki ukawa unayumba juu yake.

Watu wazima watano wakaivuta boriti. Haikutikisika. Wakapiga kelele, hiyo waliiweza.

"Tuinue kama rula!" akasema Shija, mmoja wa wanafunzi. Lakini mti mrefu ulikuwa mmoja, mlingoti wa bendera, na mwalimu mkuu alishaapa: atakayeugusa atafukuzwa. Shija akashusha bendera, akaikunja, akamkabidhi mwalimu mkuu mwenyewe. Kisha akaung'oa mlingoti kwenye udongo uliolowa mvua.

Watu wazima wakauchomeka chini ya boriti, wakauegemeza kwenye jiwe, mbali na boriti, maana waliuogopa ukuta. Wakakandamiza. Wapi! Limi, ambaye darasani hata akiitwa hajibu, akaingia chini ya ukuta, akalisukuma jiwe hadi karibu na boriti. Udongo ukammwagikia kichwani.

Wakakandamiza tena. Boriti ikainuka kidogo, ikarudi. Mwalimu akalia kwa uchungu. Mwishoni mwa mlingoti palibaki nafasi ya mtu mmoja.

"Kabula!" wakaita wenzake.

Kabula alikuwa mnene. Shija ndiye aliyembandika jina la Gunia, na tangu hapo hachezi na wenzake.

"Leo mnanitaka?" akauliza. Machozi yakimtoka, akarukia ncha, akaning'inia. Boriti ikainuka. Mwalimu akaburutwa nje, na ukuta ukaanguka palepale.

Sasa darasa jipya limejengwa. Mlangoni litaandikwa jina moja, la aliyemwokoa mwalimu.

Shija anasema, "Bila mlingoti mngeshika nini? Nami nilijua nitafukuzwa."

Limi anasema, "Mlingoti mlikuwa nao, boriti ikawashinda. Nani mwingine aliingia chini ya ukuta?"

Kabula anasema, "Jiwe lilikuwa mahali pake, boriti ikarudi. Mwili mlioucheka ndio uliomtoa."

Mwalimu Nyamizi amesimama mlangoni na mkongojo wake, brashi mkononi, anawatazama wote watatu. Rangi inakauka. Haya, nyie mnaojua kusikiliza tu: je, aandike jina la nani?