Muhuri wa Mwalimu Kuramochi

Mtu anaweza kuwatibu wenzake mpaka sifa zake zikavuka milima mitatu, huku jipu lake mwenyewe likimwozea mgongoni, mahali ambapo mkono wake haufiki na macho yake hayaoni. Asipokubali kumwonyesha mwingine, dawa zote za mkobani mwake hazimfai kitu. Ndivyo yalivyomkuta Mwalimu Kuramochi wa Yoshino.

Kwa zaidi ya miaka thelathini watu walimjia kutoka Osaka na Nagoya: walevi, wake waliochoka, vijana waliowainulia mama zao mikono. Kila mmoja aliketi juma zima pembeni mwa ukumbi, nyuma ya kiambaza cha karatasi cha kukunja, akiwawaza watu wa maisha yake mmoja baada ya mwingine. Kila baada ya saa mbili Mwalimu alikuja, akapiga magoti, akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka, akafungua kiambaza na kuuliza maswali matatu. Mtu huyo alikupa nini? Wewe ulimpa nini? Ulimsumbuaje? Alisikiliza bila kubisha, akainama tena, akafunga. Yaliyosemwa nyuma ya kiambaza hayakutoka nje. Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria ya nyumba, naye aliiandika kwa brashi yake mwenyewe juu ya mlango wa ukumbi.

Siku moja binti yake wa pekee, Orie, mwalimu wa fasihi huko Kyoto, alishuka stesheni akiwa amefura kwa hasira. Mkononi alishika jarida lililotoa sura moja ya kitabu kipya cha baba yake, kitabu kuhusu nafsi ya binadamu. Sura hiyo ilisimulia habari za msichana wa kaskazini aliyewahi kutibiwa na mwandishi. Mwaka wa njaa, mpunga ulipogoma kuiva kwa baridi, msichana huyo, akiwa na miaka tisa, alikunywa uji wa mtama aliopewa amnyweshe mdogo wake mgonjwa. Kulipokucha mtoto alikuwa amekufa. Jina la msichana lilibadilishwa, lakini kijiji chake, lafudhi yake na kidole chake kilichokatika ncha viliachwa vilevile. Mji mzima wa Yoshino ulikuwa na mwanamke mmoja tu wa kaskazini mwenye kidole kama hicho. Naye ni Fusae, mama yake Orie, aliyeketi nyuma ya kiambaza kile kabla hajaolewa na mwalimu wake.

Orie alimkuta mama yake jikoni. Sinia saba za chakula cha mchana cha wageni zilikuwa zimepangwa, na Fusae amejiinamia akigonga muhuri mwekundu wa mumewe kwenye vijikaratasi. Vitabu vya Mwalimu havikuuzwa mpaka kila nakala ibandikwe kijikaratasi chenye muhuri wake, na kuugonga ilikuwa kazi ya Fusae tangu kitabu cha kwanza. Safari hii vilikuwa elfu tatu, na mjumbe wa wachapaji angekuja kuvichukua kesho yake.

"Mama! Unaigongea muhuri aibu yako mwenyewe?"

"Karibu, mwanangu. Umekula?"

"Sikuja kula! Umeyasoma haya?"

"Sijasoma, nimesomewa. Jana mke wa muuza tofu kaniuliza, 'Mama Orie, siku hizi uji huutaki?' Wenzake wakacheka mpaka wakashikana mabega." Akagonga tena. "Yatapita."

"Hayatapita, Mama. Yatachapwa!"

Akamwacha hapo, akaenda moja kwa moja chumba cha maandishi. Baba yake alikuwa akinoa penseli.

"Baba, iondoe sura ile."

"Keti kwanza. Unapumua kama fahali."

"Iondoe. Piga simu leo."

"Yule wa kitabuni si mama yako, ni mfano tu," Mwalimu akasema kwa upole ule aliowapa wageni. "Nafsi si mali ya mtu, Orie. Imefumwa kwa yale tuliyopewa na wengine. Sasa niambie, siri hiyo ni ya nani? Na hasira yako hiyo sisi wataalamu tunaijua. Unachokichukia kwangu kimo ndani yako mwenyewe."

"Umeuza siri ya Mama, halafu mimi unanipa mhadhara!"

"Kama una neno, viambaza vipo. Nenda kaketi. Nitakusikiliza kama ninavyowasikiliza wengine."

Alidhani amemkomesha. Kumbe alikuwa amempa fimbo. Orie aliingia ukumbini, akavuta mto wa kukalia, akaketi nyuma ya kiambaza kama mgeni yeyote, na Mwalimu hakuwa na la kufanya ila kuifuata sheria yake. Akaja. Akapiga magoti. Akainama.

"Saa hii umemchunguza nani?"

"Mwalimu Kuramochi."

Nyuma ya kiambaza cha jirani Bwana Iguchi, muuza miavuli wa Osaka, alipaliwa na chai.

"Alikupa nini?"

"Wali, ada ya shule, na jina ambalo leo naona haya kuliandika."

"Wewe ulimpa nini?"

"Heshima. Nilimpa tele."

"Ulimsumbuaje?"

"Nilimsumbua kwa kujua kusoma."

Alipaswa kuinama na kufunga. Lakini alikiacha kiambaza wazi.

"Na liko swali la nne ambalo huliulizi," Orie akasema kwa sauti ya kusikika ukumbi mzima. "Yeye alimuumiza nani? Alipokea siri ya mgonjwa wake, akaahidi kuifunika, kisha..."

"Nyamaza!" Mwalimu aliruka juu. Upole wote ulimtoka. "Mama yako nimemkosea nini? Kwani ni uongo? Fusae alikunywa uji wa mdogo wake, mtoto akafa! Mimi ndiye niliyemfanya awe mtu!"

Mlangoni, chini ya sheria ile ya brashi, Fusae alikuwa amesimama na sinia mbili.

Aliziweka chini taratibu, ili mchuzi usimwagike. Akachukua kiambaza kilichokuwa hakina mtu, akakikunjua kumzunguka mumewe, akapiga magoti, akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka.

"Baba Orie, keti."

Mwalimu aliketi. Labda ni mazoea.

"Saa hii umemchunguza Fusae," akasema mkewe. "Alikupa nini?"

"Mama Orie, wageni wanasikia."

"Na ulipokuwa unapiga kelele walikuwa viziwi? Alikupa nini?"

"Kinadharia, nafsi ya mke na ya mume..."

"Sikuuliza nadharia."

"Mwalimu," Bwana Iguchi akadakia, "mimi juzi nilijibu mpaka kamasi zikanitoka. Jibu tu, haiui!"

"Funga mdomo wewe!"

"Wewe ulimpa nini?" Fusae akaendelea. "Ulimsumbuaje?"

Mwalimu alifungua kinywa. Orie, pamoja na hasira yake yote, alijikuta akimwombea baba yake neno moja tu. Uji, sinia, kidole, chochote. Angemsamehe palepale. Mwalimu alitazama saa ya ukutani.

"Vile vijikaratasi," akasema, "umevimaliza?"

Fusae aliinama tena kama sheria ilivyotaka, akafunga kiambaza. Akarudi jikoni, akavua aproni, akatia nguo zake kikapuni pamoja na vijikaratasi vyote. Bwana Iguchi alitoka nyuma ya kiambaza chake bila kuulizwa, akaanza kuwagawia wenzake sinia, huku akinung'unika kwamba hajapata kuona daktari wa namna hii.

Mama na binti walikuwa wakivaa viatu waliposikia sauti kutoka ukumbini.

"Fusae! Fusae, ngoja!"

Fusae alisimama. Alingoja kweli, kiatu kimoja mkononi.

"Muhuri umeuweka wapi?"

Fusae akavaa kiatu cha pili. Muhuri ulikuwa umechomekwa mkandani mwake, na hapo ulibaki mpaka garimoshi la Kyoto lilipoondoka nao wawili. Mjumbe wa wachapaji alipofika kesho yake, wageni wote walikuwa wameshafunga mizigo, naye Mwalimu anapekua droo, akimlaani mkewe kuwa ni mwanamke asiyejua kujitazama ndani. Mganga hajigangi.