Gereji ya Siwema na Ukuta wa Mwenyekiti

Miaka ya kulala chini ya magari ya watu ilikuwa imemmaliza mgongo fundi Siwema. Ama ajenge nyumbani gereji yenye lifti ya kuinulia gari, ama aache kazi. Paa lilihitaji kimo cha mita nne. Jirani yake Bwana Mkufya, mwenyekiti wa mtaa, akagoma kugonga muhuri kwenye kibali cha ujenzi.

"Paa lako lizidi ukuta wangu? Thubutu!"

Ukuta wenyewe ulikuwa mita mbili na nusu.

"Basi niandikie hivyo hivyo, baba, nisije nikasahau."

Akamwandikia kwamba paa lisizidi ukuta wake, akagonga muhuri kwa mbwembwe. Siwema akafika mlangoni, akasita.

"Samahani, mwenyekiti. Wateja wangu wa malori, wakipanda juu ya malori yao, wananiuliza yule mzee anayeruka kamba uani kwako kila asubuhi amejifunga kanga ya nani."

Mwezi haukuisha, ukuta wa Mkufya ukafika mita nne na nusu.

Siku gereji ilipoezekwa, mwenyekiti alikuja mbio na futi ya kupimia.

"Karibu upime, baba," alisema Siwema, amesimama wima chini ya gari. "Paa halijaufikia ukuta wako. Limebakiza nusu mita nzima."