Simba na Mtani Wake wa Ng'ambo

Sogeeni basi, na anayetaka kukohoa akohoe sasa. Ulikuwa mwaka ule wa ukame, kenge wakahama mtoni na watoto wao kama watu wenye safari. Maji yalibaki dimbwi moja tu, katika nchi ya Simba. Ng'ambo ya mto mkavu alitawala Fisi, na Fisi mnamjua, tumbo lake halina mlango.

Bi Mbuzi alikuwa na watoto wawili. Asubuhi moja Fisi akavuka, akanywa maji, akamchukua wa kwanza. Bi Mbuzi akakimbia kwa mfalme, machozi yanamtiririka mpaka kwenye ndevu.

Simba, kwa majivuno yake, hakutaka isemwe kuna mnyama wa kumchokoza. Akamwita Fisi, akanguruma, "Umefanya nini kwangu?"

"Ah, mfalme!" Fisi akacheka. "Babu zetu si walitaniana? Mimi mtani wako. Mtani akichukua kitu, watu hugombana?"

Simba akaona hapo ndipo pa kufichia aibu. "Kumbe utani! Nami nilijua tangu mwanzo." Akampa Fisi mkeka mpya wa kukalia anapokuja kutania.

Juma la pili Fisi akaoga ndani ya dimbwi la kunywa. Simba akasema, "Ana vituko huyu!" Juma la tatu Fisi akaleta salamu: Ijumaa anakuja kumchukua Kidoti, yule binti wa Bi Mbuzi aliyebaki.

"Mpe," Simba akamwambia mama mtu. "Na ukimpa, cheka kidogo. Ukinuna utatuharibia ujirani."

"Mfalme wangu, mbona wewe kwake hujachukua hata jani?"

"Mimi mkubwa. Mkubwa hutaniwa, hatanii."

Bi Mbuzi akatoka pale. Njiani akamkuta Sungura amekaa anachokonoa meno. Akamweleza yote.

"Futa machozi, dada," Sungura akasema. "Mtani ana haki zake, lakini anazo na kazi zake. Msibani nani huchimba kaburi? Nani hulala ndani kupima kama marehemu ataenea?"

"Mtani."

"Haya. Sasa tutafute marehemu."

Wakarudi kwa Simba. Sungura akapiga magoti. "Mfalme, hutamani kusikia watu watakavyokulilia? Ijumaa asubuhi ujilaze tu, usikie sifa zako zote."

"Zote?" Simba akauliza, na hapo hapo akaanza kuchagua upande wa kulalia.

Fisi kusikia Simba amekufa, alivuka mto mbio mpaka akajikwaa. Nchi, dimbwi, mzoga, vyote vyake! "Jembe liko wapi? Mimi ndiye mtani!" Akachimba huku mate yanamdondoka. Wanyama wakaimba sifa, na kila sifa zilipopungua marehemu alifumbua jicho moja.

Shimo likampita Fisi kimo. Sungura akachungulia. "Lala basi, mtani, upime. Jinyooshe, mfalme alikuwa mrefu."

Fisi akalala, anacheka. Bi Mbuzi akageuka, akapiga teke la kwanza la udongo. Ukamwingia Fisi mdomoni. Wengine wote wakafuata.

"Nyie! Mnafanya nini?" Fisi akainuka, lakini ukingo wa shimo haufikii.

"Tunakutania, mtani," Sungura akajibu.

"Nitawamaliza! Mimi mtawala!"

"Jamani, mtani kanuna!" Bi Mbuzi akasema. "Cheka kidogo, baba. Utatuharibia ujirani."

Udongo ulipofika shingoni, Simba akainuka, nywele zimejaa majani makavu. "Ngojeni! Msimkasirishe. Mtoeni kwanza, tuzungumze naye."

Bi Mbuzi akamtazama. Akamkumbuka yule mtoto wake wa kwanza.

"Lala, mfalme," akasema. "Wewe umekufa."

Akaendelea kupiga teke mpaka shimo likawa sawa na uwanja.

Simba baadaye aliwatangazia watu kwamba ule ujirani wake mwema na Fisi ndio uliowaokoa. Watu wakaitikia, ndiyo mfalme, ndiyo, kisha wakaenda dimbwini wakamwamkia Bi Mbuzi kwanza kabla ya kunywa. Mnaona basi, aliyemchekea mwizi ili asionekane mwoga, siku ya kazi alipewa kazi moja tu, kujilaza anyamaze, na hiyo nayo ikamshinda.

Na ule mkeka mpya? Kidoti aliulalia mpaka ukachakaa.