Kwa Nini Aliyeita Ujima Hulima Tuta la Kwanza Peke Yake

Enzi ambazo mlango wa nyumba ulikuwa mkeka tu, ngoma ya ujima ilipolia katika vilima vya Namichiga hakuna aliyeuliza swali. Mtu alichukua jembe, akaacha upinde nyumbani, akaenda. Kuingia shamba la mwenzako na silaha kulikuwa tusi. Kutokwenda kabisa, aibu ya ukoo mzima. Aliyeita alikaa kivulini na mitungi yake ya pombe, akisubiri kusifiwa.

Wafanyabiashara wa watumwa waliijua desturi hiyo hata kabla hawajajua majina ya mito yetu. Walimletea Mwene Mkwinda, mkuu wa vilima vile, bunduki mbili, majora ya kitambaa cha merikani na koti zito jekundu la askari wa Ulaya. Jua lile, na koti! Baadaye Mzungu mmoja aliandika kwamba watu wa huku waliuzana tangu asili. Baruti ilitoka wapi, hakuandika.

Msimu wa kupanda, Mkwinda akapiga ngoma.

Mama mmoja, Nachenga, alichelewa, maana ndiye aliyekuwa akichuja pombe ya wakulima. Binti yake, Lusungu, alitangulia na jembe. Mama alipofika alikuta majembe yametupwa chini, hata udongo hayajagusa. Watu hawapo. Mkwinda yupo, kivulini.

"Mwanangu yuko wapi?"

"Wamekwenda kutembea pwani, Mama Lusungu. Watarudi."

"Kutembea gani huko kwa kuburutwa? Hizi nyayo unadhani sizioni?"

Alizifuata siku tatu, mpaka mvua ikazifuta.

Mwaka uliofuata ngoma ikalia tena. Ndiyo, tena! Nachenga akapita nyumba kwa nyumba. "Nendeni, lakini na pinde zenu. Na mtu asiinue jembe kabla ya Mwene." Wakaenda, wakajipanga ukingoni mwa shamba.

"Ingieni, wanangu, pombe imeiva!" Mkwinda akaita.

"Anza wewe, Mwene," Nachenga akasema.

"Mimi? Kwa mikono hii?"

"Hiyo hiyo iliyopokea koti."

Watu wakaangua kicheko. Kilimchoma mkuu. Akashika jembe, akainama, akalima kwa hasira, tuta likamfikisha mwisho wa shamba, kwenye majani marefu. Humo walijificha wateka watu. Walikuwa wameahidiwa watu mia. Sasa waliona pinde mia. Wakamkamata aliyekuwa karibu.

"Ni mimi! Mimi mwenzenu!" alipiga kelele, kongwa likiingia shingoni.

Hakuna aliyeachia mshale. Nachenga peke yake alikimbia nyuma yao, akiita: "Lusungu mmempeleka wapi? Niambieni tu!" Hakujibiwa, siku ile wala nyingine.

Na tangu siku hiyo, hapa Namichiga, aliyeita ujima hulima tuta la kwanza peke yake, huku watu wamesimama ukingoni. Wageni wenye madaftari huambiwa ni unyenyekevu wa mwenye shamba, nao huandika hivyo. Wanawake hawamtazami mwenye shamba. Wanatazama majani.