Mwanga Uliotikisa Chai

"Wallahi, kwa mwanga mtupu nitachezesha chuma hadi kiombe radhi!" Ogle alitamba mbele ya kidato cha nne kizima, shuleni kwao mjini Garissa, mwaka wa 1998. Mkononi alikuwa na kalamu ya leza aliyoletewa na adeer, ami yake, kutoka Dubai, nayo ilimvimbisha kichwa kama kiriba kilichojaa maji.

Chuma chenyewe kilikuwa kiwenzo chembamba kama unyusi: ukanda wa karatasi ing'aayo ya pakiti ya sigara, wenye tone la nta nchani, umebanwa upande mmoja ndani ya chupa ya jemu ili upepo usiuguse. Ukiumulika, doa jekundu hurukia ukutani. Kiwenzo kikitikisika hata chembe, doa hucheza. Washindi wa mashindano ya sayansi ya Alhamisi wangepelekwa Nairobi. Ogle na mwenzake Deka hawakuwa wamewahi kuvuka hata daraja la Tana.

Shida ilikuwa moja. Ogle alimulika mpaka macho yakamtoka pima. Kiwenzo kikapinda kidogo kwa joto, kisha kikatulia kama ngamia aliyekataa kuamka.

"Abaayo, dada yangu, hiki kina kiburi," Ogle alilalamika.

"Hakina. Wewe unakisukuma bila kukipumzisha," Deka alijibu. "Kisimani watu huinua ndoo kwa wimbo, si kwa papara. Tuutafute mwendo wake, tukate mwanga kwa kuufuata."

"Nyimbo za ngamia! Hii ni sayansi au harusi?"

Alhamisi ikafika, mapazia yakashushwa. Mwamuzi, Mwalimu Korane, akavuta kiti. Ogle akamulika. Lo! Doa likarukaruka ukutani kama mbuzi aliyeonja mvua. Makofi yakarindima. Deka peke yake alikunja uso.

"Ogle," ikaita sauti mwisho wa meza. Alikuwa Eeddo Rahmo, shangazi muuza chai, aliyetua sinia lake hapo akimngoja mwamuzi. "Taa yako inamulika chupa. Mbona chai yangu ndiyo inamwagika?"

Macho yote yakainama chini ya meza. Goti la Ogle, lililokuwa likiitikisa meza, likasimama. Doa nalo likasimama.

"Basi, mmeondo—" Mwalimu Korane alianza.

"Mwalimu, nakuomba, mara moja tu!" Deka aliihamishia chupa kwenye kizingiti cha saruji dirishani, mbali na goti lolote. Akaitwaa leza, akaimba chinichini wimbo wa kisimani wa nyanya yake, kidole kikiuziba na kuuachia mwanga. Aliimba haraka, wapi! Akaupunguza mwendo kidogo, kidogo tena. Doa likatetema. Kisha likayumba, kila mkupuo likienda mbali zaidi, kama mtoto anayesukumwa kwenye pembea.

Mwalimu Korane akachukua kalamu yake ya kuandikia alama. "Wazo la kuukata mwanga ni la nani?"

Ogle akakohoa, kifua mbele. "Kusema kweli, mwalimu, mimi ndiye—"

Eeddo Rahmo aliinua gilasi moja ya chai. Akaitazama. Akalitazama goti.

"—ndiye niliyemcheka Deka," Ogle akamalizia.

Ama kweli, njia ya mwongo ni fupi: ya Ogle ilianzia gotini, ikaishia kwenye sinia la chai.