Mtoto wa Mrushaji Apakatwe na Nani

Sogeeni karibu, na mwenye jibu la haraka alimeze kwanza, maana hadithi hii imewashinda watu wazima.

Palikuwa na watu watatu huko Rufiji, majina yao Tabu, Shida na Mashaka. Msicheke, ndivyo wazazi wao walivyowaita. Tabu alikuwa na jicho, Shida alikuwa na kifua, Mashaka alikuwa na vidole. Wa nne alikuwa Shamte, ambaye hakuwa na kitu ila mkono wa kulia, na mkono huo ukaja kumlisha miaka kumi na mmoja huko Japani, kwenye ligi ya kulipwa ya besiboli, akiwa mrushaji wa kuanza. Mrushaji wa kuanza ndiye anayepanda kwenye kichuguu cha katikati ya uwanja mechi ikiwa bado mbichi, akamrushia mpira mtu mwenye gongo na kumnyima nafasi ya kuupiga, na akishamaliza hapandi tena mpaka wiki igeuke. Zamu ya Shamte ilikuwa Alhamisi. Mkewe Siwatu, aliyekuwa naye miaka miwili ya mwisho, mpaka leo Alhamisi haisahau, maana ndiyo siku aliyokuwa akikaa mbele ya televisheni huko ugenini akiuma ncha ya mto, na sasa angetoa chochote airudie hata moja.

Basi Shamte amestaafu, wamerudi Ikwiriri, na Siwatu amejifungua mtoto wa kiume, njiti wa miezi saba, kichwa kama chungwa. Wiki sita alimbeba kifuani hospitalini, ngozi kwa ngozi, akilala kwa kushtuka, akishtuka anasikiliza kama anapumua. Leo mtoto yuko nyumbani, ananyolewa na kupewa jina. Na kwenye ukoo wa Shamte mtoto hapewi majina mawili wala matatu: jina moja, la somo mmoja, mtu anayeitwa jina hilo hilo, na huyo somo ndiye anayempakata wembe ukipita kichwani, ndiye pia atakayemlea wazazi wakiondoka duniani. Hapo ndipo penye balaa, kwa sababu Shamte alikwishatoa ahadi ya somo mara tatu, kwa watu watatu, kila mmoja kivyake, na hakuna aliyejua ya mwenzake.

Ahadi ya kwanza ilikuwa ya Bibi Tabu, mama wa mama yake. Shamte ana miaka minane, wanakaa juu ya dungu, jukwaa la miti katikati ya mpunga, wanaamia ndege wasile nafaka. Watoto wa mashamba ya jirani walitumia teo, kamba ya kurushia mawe, Bibi akakataa, akasema jiwe la teo halina macho. Akamfinyangia madongo ya udongo, arushe kwa mkono, na asimpige ndege, apige hewa iliyo karibu na sikio lake. Shuke likidondoka, hilo limetoka kwenye sahani yake. Alilala njaa mara mbili, ya tatu hapakudondoka hata punje, na baada ya misimu mitatu dongo lake lilipita kati ya mashuke mawili yasitikisike. Japani watangazaji walikuwa wakijiuliza jicho hilo kalitoa wapi. Siku anakwenda sekondari Dar es Salaam alimwambia Bibi mwanangu wa kwanza atakuwa somo yako, na Bibi akamjibu mtoto utampata wapi, na wewe kamasi zako mwenyewe hujui kuzifuta.

Ahadi ya pili ilikuwa ya Shida, aliyesoma naye sekondari. Mwalimu mmoja wa kujitolea kutoka Japani alileta mfuko wa glavu za besiboli shuleni, na Shamte alipoanza kurusha kila aliyesimama mbele yake kudaka alikimbia, akabaki Shida. Glavu ilikuwa nyembamba, akaijaza sponji la godoro lake, akachana na kuchana mpaka akawa analalia mbao. Vidole viwili vikapinda, havijanyooka mpaka leo. Siku walipokuja wasaka vipaji Shamte alitetemeka, mipira ikawa inazama mchangani kabla ya kufika, na mpira ukimpita mdakaji aibu ni ya mrushaji. Haukupita hata mmoja. Shida alijitupa chini akaipokea yote kwa kifua, bila kukunja uso, mpaka wageni wakaandika kwamba kijana huyu ana mpira unaozama ghafla, ufundi wa ajabu. Wakamchukua Shamte. Jina la Shida hawakuliuliza. Uwanja wa ndege Shamte alimkumbatia akaahidi, na Shida, ambaye sasa anachomelea mageti hapo hapo Ikwiriri, akamwambia nenda bwana, mimi naenda kununua godoro.

Ahadi ya tatu ilikuwa ya Mashaka, fundi wa kukanda viungo. Mwaka wa tano huko Japani bega lilichanika, madaktari wakashona, timu ikamwacha, Shamte akarudi nyumbani hawezi kufunga kifungo cha shati lake. Mashaka hakuijua besiboli, alidhani ni kama rede ya wasichana. Ila kila asubuhi, miezi kumi na mmoja, alimkanda kwa mafuta ya ufuta, akitafuta kwa vidole penye uhai na penye ukaidi. Alimwambia mkono huu ulikuwa na haraka, haraka imekufa, tuizike, sasa tuufundishe subira. Shamte akarudi Japani akirusha polepole, na wenye magongo wakawa wanachapa hewa mpira ukiwa bado njiani. Miaka sita zaidi, mirefu kuliko ile ya kwanza. Na ahadi akaitoa mlangoni kwa Mashaka, akiwa amefunga vifungo vyote mwenyewe.

Leo wote watatu wamefika, na kila mmoja amekwenda kukaa kwenye mkeka wa somo. Kwanza walicheka, Shida akamuuliza Mashaka kama alikuwa anakwenda msibani akakosea nyumba. Kisha kila mmoja akataja ahadi yake, na kicheko kikaisha.

Siwatu yumo chumbani anahesabu pumzi za mtoto. Shamte akaingia, mtu aliyewahi kutazamwa na watu elfu arobaini, akashindwa kumtazama mkewe.

"Chagua wewe."

"Mimi? Ahadi si ulitoa wewe?"

"Nilikuwa narusha tu, Siwatu, sikuangalia zinaangukia wapi. Wewe ndiye uliyemweka kifuani."

"Na majina yenyewe hayo, Shamte. Kidogo hivi, nimwite Shida? Jina si linaita mambo yake?"

Bibi Tabu alisikia kutoka uani. "Mke wa mjukuu wangu," alisema, "mimi nimeitwa Tabu miaka themanini na miwili, na meno ninayo. Mlete mtoto."

Siwatu akatoka, mtoto ndani ya kanga mzito kama mkate. Wembe umeshachovywa kwenye bakuli. Akaona mikono sita imenyooshwa. Mikono ya Bibi Tabu inatetemeka, lakini jicho lake linaona mpaka unywele mmoja. Ya Shida imara kama chuma anachochomelea, ila vidole viwili havifungi. Ya Mashaka laini, inajua kila kiungo cha mwili, ila macho yake yameingia ukungu. Mtoto akapiga mwayo. Mnyoaji akasema, mama, jua linapanda.

Haya, wenzangu. Ondoeni jicho, Shamte angebaki mvulana wa madongo. Ondoeni kifua, wageni wangeondoka bila yeye. Ondoeni vidole, asingefika kwa Siwatu, na mtoto huyu asingekuwapo. Siwatu bado amesimama, na hawezi kumkata kichanga vipande vitatu.

Je, wewe ungemweka mapajani mwa nani?